Ukigonga, Zitakuwa Mbili

Kupiga saksafoni bila meno ya mbele ni kama kupiga mluzi huku unacheka: mdomo unataka, hewa inakataa. Mama Nyundo hakuwahi kupuliza hata filimbi ya refa, lakini jambo hilo alilielewa vizuri wiki ile, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba chao akimtazama mumewe. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, chombo kimelala mapajani kama mtoto mgonjwa aliyeachiwa amshike.

Mtaa mzima ulimwita mumewe Pumzi. Jina la sifa hilo, alilipata enzi za kifua kipana. Sasa daktari wa meno alikuwa amemng'oa manne ya juu, yale yaliyokuwa yakicheza yenyewe bila kupigiwa ngoma, akampachika ya bandia. Meno mazuri, hayana kosa. Akitabasamu alionekana kama anagombea kura. Kwa kutafuna yalivumilika. Tatizo ni kwamba saksafoni haina haja na tabasamu la mtu.

"Jaribu tena, Baba Nyundo," alisema, akiendelea kukunja shuka. Hata mashuka ya kwake aliyakunja kona kwa kona, kana kwamba meneja wa hoteli atapita kukagua. Kazi ikishakuzoea inakufuata hadi kitandani.

Pumzi akauma, akapuliza. Ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Akafungua kinywa kuvuta hewa ya pili, na meno yakaona huo ndio upenyo wao. Yakachomoka, yakamgonga goti, yakatua kwenye beseni la vyombo. Chubwi!

Kisha binti yao akaangua kicheko hadi akashika ukuta. Huyo ndiye Nyundo mwenyewe, mtoto wao wa pekee, mpiga ngoma wa kikundi cha panki kilichofanyia mazoezi nyuma ya karakana ya matairi: vijana wachache wenye gitaa bovu, hasira nyingi, na nyimbo fupi kuliko kupiga chafya.

"Baba, huo ndio muziki sasa! Kwetu ukitema meno jukwaani unapigiwa makofi."

"Kwenu," Pumzi alisema kwa mdomo uliobonyea, "hata paka akianguka juu ya sufuria anapigiwa makofi."

"Sawa. Lakini paka kaanguka kweli."

Mama Nyundo aliyaopoa meno, akayasuuza, akayatia kwenye glasi juu ya meza. Yakabaki humo yakiwachekea wote watatu. Hakucheka. Jumamosi ilikuwa inakuja, na Jumamosi mchana ndipo Pumzi alipopiga kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli. Zamani walikuwa kikundi kizima. Meneja aliwapunguza mmoja mmoja, kama meno: akaanza na mpiga kinanda, akafuata wa besi, wa ngoma akaondoka mwenyewe kwa kuona dalili. Aliyebaki ni Pumzi peke yake na bluzi zake. Jumamosi moja tu bila saksafoni, na yeye angekuwa pengo.

"Nimeshaongea na meneja," Pumzi alisema, bila kumtazama mtu. "Kasema nisiwe na wasiwasi. Nije tu, nimevaa suti."

"Uje upige kwa kutumia nini? Kwa masikio?"

"Nije tu, mama. Kasema nije tu."

*

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya ukumbi wa chakula. Hakikuwa na dirisha, kilikuwa na mashine tatu zilizopokezana kuharibika, pasi ya mvuke, na joto la kuivisha mkate. Ukutani lilipanda bomba nene la maji ya moto, likatoboa dari na kutokea nyuma ya jukwaa. Pembeni mwa bomba palikuwa na tundu la hewa. Kwa tundu hilo Mama Nyundo alikuwa amemsikiliza mumewe Jumamosi baada ya Jumamosi, na kama ungemuuliza yeye jinsi Pumzi anavyoonekana akiwa jukwaani, asingejua. Yeye alimjua kwa sikio tu.

Walikuwa na mambo yao. Katikati ya ule wimbo wa polepole, popote alipojisikia, Pumzi aliinamisha chombo kuelekea sakafuni akatoa noti tatu: mbili nene, na ya tatu nyembamba inayopanda mwishoni kama swali. Umekula? Chini, mkewe alishika kijiko kikubwa cha chuma cha kukorogea sabuni akagonga bomba. Mara moja: nimekula. Mara mbili: bado. Ikiwa moja, Pumzi aliuachia wimbo utembee, ukazunguka nyumba za watu wote. Zikiwa mbili, aliukata, mapumziko yakaja mapema, naye akashuka ngazi za nyuma na chochote alichokiokota jikoni, kimefungwa kwenye leso. Wageni wa juu, na ujuzi wao wote wa muziki, hawakujua kamwe kwamba urefu wa wimbo ule ulipimwa kwa njaa ya mwanamke mmoja aliye chini ya viti vyao.

Jumamosi hiyo Mama Nyundo hakuwa amekula. Alikuwa ameshika shuka bichi ncha moja, na ncha nyingine ameishika mwenzake, mpiga pasi, mwanamke mwenye domo asiyeitwa kwa jina lingine ila Dada Pasi. Walikuwa wanalikamua. Ndipo saksafoni ikalia juu.

Si mlango tena. Saksafoni! Safi, nene, yenye lile vumbi kidogo la koo ambalo halikuwa la mtu mwingine duniani.

"Wee! Si ulisema mzee kang'olewa?" Dada Pasi akashangaa.

"Kang'olewa." Mama Nyundo aliinua uso kuelekea tundu la hewa. "Mungu mkubwa, shoga. Mungu mkubwa."

Ule wimbo wa polepole ukaanza. Akatega sikio. Zikaja: mbili nene, moja nyembamba. Umekula? Akageuza kichwa kukitafuta kijiko, apige zake mbili. Shuka lilikuwa bado mikononi.

Ngo!

Bomba halikutikisika. Mlio ulitoka juu, ndani ya wimbo, katika lile tundu la hewa. Mara moja. Wimbo ukaupokea, ukatanua mabega, ukaendelea na safari kwa raha zake.

"Umegonga na nini," Dada Pasi akauliza, "na mikono yote iko kwenye shuka?"

"Mabomba haya mabovu."

Lakini alishajua. Mtu hawezi kukosea mkono wake mwenyewe. Aliukumbuka na mlio wenyewe: ni siku ile walipokuja mafundi na vipaza sauti, wakamrekodi Pumzi kwa ajili ya tangazo la hoteli. Ukumbini kulikuwa na sherehe ya mtoto wa tajiri, keki ikabaki hadi ikafika kwa wafuaji. Siku hiyo alikuwa ameshiba. Na sasa shibe ya siku ile ilikuwa inamjibia, huku yeye tumbo linamnguruma.

Wimbo ulikwenda mpaka mwisho wake, mrefu, mzuri. Mapumziko yalipofika, hakuna aliyeshuka.

*

Jioni Pumzi alirudi suti ikiwa haina hata tone la jasho. Zamani ilibidi kuianika. Mama Nyundo aliitundika ukutani, akapitisha kiganja mgongoni mwa koti. Pakavu.

"Tumekusikia," alisema. "Leo umepiga."

"Nimejitahidi." Pumzi alijishughulisha na kamba za viatu. "Ukienda na meno, ukienda bila meno, mwenye kipaji hakosi njia."

"Ukanisalimu."

"Si nilikusalimu? Na wewe ukanijibu." Kamba moja ilimpa shida sana. "Ulikuwa umekula. Nilifurahi."

Pale palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikaa kati yao kama kiti cha mgeni. Mama Nyundo akaitazama, akachoka hata kabla ya kuanza.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa nimekula."

Nyundo alikuwa kwenye kona akipigapiga vijiti juu ya goti lake. Akaacha kupiga. Baba yake alipotoka kwenda kunawa, akanyoosha kijiti kuelekea mezani.

"Mama. Meno yamekaa kwenye glasi hiyo tangu asubuhi. Saa sita nilikuwa nakunywa uji nikitazamana nayo. Baba alipiga na ya nani?"

"Nyamaza."

"Wamemwekea kanda, eti? Anasimama pale anatikisa vidole?"

"Ni kanda yake mwenyewe. Sauti yake."

"Mimi nikiazima sauti yangu ya jana, nitakuwa nimeimba leo? Mama! Mzee huyu huyu aliniambia sisi hatujui muziki!"

"Hamjui kweli."

"Hatujui, lakini tunapiga. Juzi nilivunja kijiti katikati, nikamalizia na ngumi. Kila aliyekuwepo aliniona. Yeye anaogopa nani amwone?"

Mama Nyundo alikaa kitini kwa uzito wote wa siku. "Anaogopa mimi na wewe tulale njaa, mwanangu. Hiyo njaa ndiyo anayoiogopa. Usimwaibishe baba yako."

Nyundo aliyageuza meno ndani ya glasi yaangalie ukuta.

*

Katikati ya wiki meneja alishuka kwenye chumba cha kufulia, jambo la ajabu kama kuona kuku anakwenda sokoni kwa hiari. Nyuma yake alikuja bwana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa na kofia ambayo hakuivua hata kwenye joto lile. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya wasikilizaji wa jazi na bluzi. Jumamosi iliyopita alikuwa ukumbini, na Jumamosi ijayo alitaka kuwaleta wanachama wote.

"Watu wamechoka na muziki wa viwandani, mama," Bwana Kofia alimwambia, akimshika mkono uliojaa povu. "Wamechoka na udanganyifu. Wanataka kitu cha kweli, kisichochakachuliwa. Mimi nilikisikia hapa. Hasa ule mlio. Noti tatu, halafu, ngo! Niliona machozi yananitoka. Ni nini ule? Ni pingu? Ni nyundo ya machimboni?"

"Ni kijiko," Mama Nyundo alisema.

Bwana Kofia alicheka kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. "Meneja, umesikia? Ni kijiko! Huo ndio ukweli wenyewe! Na kinasema nini, mama?"

"Kinasema nimekula."

"Nimekula!" Bwana Kofia akafumba macho kuionja. "Uchungu ulioje. Kejeli iliyoje."

Dada Pasi alijificha nyuma ya rundo la taulo, mabega yakimcheza. Meneja alikohoa, akamwongoza mgeni hadi ngazini, kisha akarudi peke yake. Sura ya wageni alikuwa ameiacha mlangoni.

"Mama, sikiliza. Jumamosi usiguse bomba."

"Kwa nini, bosi?"

"Mlio umo tayari humo ndani. Ukigonga, zitakuwa mbili. Watashtuka."

"Humo ndani ya nini?"

"Usijifanye mtoto mdogo." Aliangalia mashine iliyokufa, akaipiga teke kidogo kama anamwamsha mlevi. "Nimewasaidia. Mtu hana meno, nikamhifadhia kazi. Wewe na mumeo mnakula sahani moja, hapa hapa. Mmoja akiimwaga, wote mnalamba sakafu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

Alipoondoka, Dada Pasi alijitokeza. Kicheko kilikuwa kimemkauka usoni. "Kumbe ndiyo hivyo," alisema taratibu. "Pole, shoga."

"Shika shuka," Mama Nyundo alisema. "Tukamue."

*

Jumamosi ikaja, na mashine mbili zikachagua siku hiyo kugoma. Mashuka yakafuliwa kwa mikono. Chakula cha wafanyakazi kikapita, kikaisha, na Mama Nyundo hakuinua kichwa. Asije mtu akasema alijinyima makusudi. Njaa ilikuja yenyewe, kama kawaida yake, bila mwaliko.

Juu, viti vilivutwa. Vingi. Klabu ilikuwa imetimia. Saksafoni ikalia, safi kama wiki iliyopita, na Mama Nyundo akagundua kwamba ilikuwa kama wiki iliyopita kabisa: ile pumzi fupi baada ya mstari wa pili ilikuwa mahali pale pale, kile kikwaruzo kidogo pale pale. Mwanamume aliyelala naye miaka yote hajawahi kuvuta hewa mara mbili mahali pamoja. Alimwazia huko juu, vidole vikikimbilia kujifuata vyenyewe, mashavu yamejaa upepo usiokwenda popote, akiogopa kujikosea.

Zikaja. Mbili nene, moja nyembamba.

Ngo! Kile kijiko cha siku ya keki. Nimekula.

"Hujala," Dada Pasi alisema.

"Sijala."

Hakupanga. Baadaye aliulizwa sana, na kila mara alisema hakupanga, mkono ulizoea tu. Alikuta kijiko kimo mkononi na bomba limeshatetemeka. Ngo! Zikawa mbili.

Wimbo haukujali. Uliendelea kutanua mabega kama mtu aliyeshiba, na hapo ndipo alipopatwa na kitu ambacho si hasira, labda ni upweke tu: kwamba sauti ya mumewe imejibiwa na haikusikia. Akagonga tena, mara mbili, kwa nguvu. Ngo! Ngo! Bado. Baba Nyundo, bado!

Juu, viatu alivyovijua vilisugua sakafu. Wimbo ulikatika katikati ya noti, mahali ambapo hakuna mwanamuziki angeukata, kwa mkato wa waya uliochomolewa. Ukumbi ukanyamaza. Kimya kile kilishuka kwenye tundu la hewa kikajaa chumba kizima, na Mama Nyundo akaweka kiganja kwenye bomba la moto bila kuhisi joto lake.

Kisha ikaja hewa. Hewa tupu, fuuu, ya midomo iliyokunjwa juu ya fizi. Ikatafuta. Ikatokea noti moja, nene, imepasuka katikati. Ikatokea ya pili, mdogo wa ile ya kwanza, mgonjwa zaidi. Ya tatu haikutoka. Palikuwa na pumzi tu, ndefu, inayopanda mwishoni.

"Hiyo ni nini?" Dada Pasi alinong'ona.

"Ananiuliza kama nimekula."

Akagonga mara mbili. Noti chache zilizokwaruzika zikamjibu, haraka haraka, zikaukata wimbo pale pale, na mara akasikia viatu kwenye ngazi za nyuma.

*

Alishuka na kipande cha mkate kwenye leso, na nyuma yake meneja, na nyuma ya meneja Bwana Kofia, uso mwekundu chini ya kofia.

"Wizi wa mchana!" Bwana Kofia alikuwa akisema. "Nimeleta watu wazima, wanakuja kusikia mzee anapumua kwenye bomba! Ile ya wiki iliyopita ndiyo ilikuwa ya kweli. Ile ilikuwa na roho!"

Meneja alimtazama Pumzi na mkate wake.

"Acha suti kwa mlinzi," alisema. "Ni ya hoteli."

"Na mke wangu?"

"Mkeo atabaki." Meneja aliyatazama mashuka yaliyorundikana hadi kiunoni mwake. "Mashuka hayafuliwi na kanda."

Walipobaki wenyewe, Dada Pasi akajifanya ana kazi upande wa pili wa chumba, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mama Nyundo aliketi juu ya furushi, akala. Pumzi alisimama mbele yake na shati la ndani, suti mkononi, akisugua mdomo uliovimba.

"Umeniaibisha," alisema.

"Nimekuita."

"Ungeniacha nimalize. Ilibaki kidogo."

"Ungemaliza bila kujua nina njaa."

Pumzi aliketi pembeni yake. Furushi likabonyea upande wake. "Nilijua," alisema mwishowe. "Wiki ile nyingine, nilijua hujala. Nimesimama pale na wimbo wangu, kijiko chako cha zamani kikanijibia, na nikakishukuru. Nilisema, afadhali."

Mama Nyundo alitafuna. Mkate ulikuwa mkavu. Akakata kipande, akatoa sehemu ya ndani iliyo laini, akampa. Pumzi akaimung'unya polepole kwa fizi.

*

Usidhani klabu iliacha kuja. Meneja aliweka spika mbili jukwaani, kati yake akaweka kiti kitupu na saksafoni ya kukodi iliyolazwa juu yake, na Bwana Kofia akawaelezea wanachama kwamba kutokuwepo kwa mpigaji ndiko kunakoumiza zaidi. Ukumbi ulijaa. Kila Jumamosi, chini, Mama Nyundo husikia noti tatu zikimuuliza, na husikia shibe yake ya zamani ikijibu. Hagongi. Anageuza shuka upande wa pili, anaendelea.

Nyumbani, Nyundo alimwambia baba yake aje karakana. "Kwetu tunapenda vilivyovunjika, baba."

"Sijavunjika kiasi chenu bado," Pumzi alimjibu. Lakini hakumkataza alipoligeuza beseni juu chini akaanza kumpigia mdundo kwa vidole, taratibu, bila vijiti, kama mtu anayemtembeza mgonjwa uani.

Mama Nyundo alikuwa jikoni, ametoka kazini, viatu bado mguuni. Akasikia fuuu. Noti ya kwanza. Ya pili. Akachukua kijiko, akasubiri ya tatu, mkono juu ya sufuria. Ile pumzi ilipanda, ikapanda, ikaisha bila kuwa sauti.

Akagonga hivyo hivyo, mara mbili.

Beseni likanyamaza. Kitanda kikalia. Mzee ameinuka, anakuja kuwasha jiko.